Dhambi Iliyoimbiwa Mapema

Walokole wa Munuki, Mungu awape heri, walikuwa wepesi wa kusamehe kuliko watu wote wa Juba. Mtu akisimama katika ushirika kuiweka dhambi yake nuruni, hawakumpa hata nafasi ya kupumua. Akishatamka tu, nimeiba, nimezini, nimemlaani mama mkwe, hapo hapo wimbo wa shukrani ulimshukia, mikono ikamkumbatia, na jambo likawa limekwisha. Kuuliza zaidi ulikuwa umbea. Kulisema nje ya ushirika ilikuwa dhambi kubwa kuliko ile iliyoungamwa. Ndivyo walivyojifunza Uganda katika miaka ya ukimbizi, na vita vilipokwisha mwaka wa sabini na mbili walirudi na desturi hiyo pamoja na masufuria na magodoro yao.

Mwanzishaji wa wimbo alikuwa Teresina, mjane wa miaka arobaini na mitano, Mkuku wa Kajo-Keji, muuza unga wa mtama. Alijaliwa sauti ya kusikika hata na wasiotaka kusikia. Hakuna aliyekatazwa kuanzisha, lakini wote walimngoja yeye, naye aliona fahari kuujua wakati ule hasa ambapo dhambi imeshatoka mdomoni na aibu bado haijaingia. Fahari hiyo, kwa bahati mbaya, hakuwahi kuiungama.

Alhamisi moja ya Aprili, mwaka wa sabini na tano, saa kumi alasiri, watu kama ishirini walikusanyika uani kwake juu ya mikeka na viti vya kukunja. Walikuwa Wabari, Wamadi, Wakuku na Wakakwa, kwa hiyo walisemezana Kiswahili walichotoka nacho Uganda, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Baada ya sala alisimama Duku.

Duku alikuwa Mbari wa Rejaf, mtu wa miaka thelathini na sita hivi, mlinzi na mtunzaji wa ghala la ngozi kule Sherikat, ng'ambo ya daraja jipya. Kazi yake ilikuwa kuzinyunyizia ngozi za ng'ombe unga mweupe ili wadudu wasizile kabla ya kusafirishwa. Watu walimpenda. Mkewe, Susan, alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa pili, naye Duku alimchotea maji, akamfulia, akampikia uji kwa mikono yake mwenyewe. Wanaume walimcheka pembeni. Wanawake walimtumia kuwasimanga waume zao.

"Ndugu zangu," alisema Duku, "mimi iko na neno. Neno mbaya. Mimi nimeua mtu."

Hawakushtuka kama ambavyo ungedhani. Vita vilikuwa vimechukua miaka kumi na saba, na nusu ya wanaume waliokaa pale walikuwa na mambo ya porini ambayo wake zao hawakuyajua. Wimbo ulikwisha kuimbwa juu ya damu zaidi ya mara moja uani pale.

"Ni ya porini," alinong'ona mzee Celestino, aliyekaa jirani na Teresina. "Wacha aitoe."

Lakini Teresina alikuwa akimtazama Duku usoni, na uso ule haukuwa wa mtu anayekumbuka jambo la zamani. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo akitazama chini. Duku alijilamba midomo, akafungua kinywa tena. Hapo Teresina aliingiwa na hofu, hofu tupu, isiyo na maelezo. Hakutaka kulisikia jina. Alimpenda kijana huyu kama walivyompenda wote, na hakutaka apewe kitu cha kumfanya asimpende. Akauanzisha wimbo, kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Wote wakaudaka. Makofi, vigelegele, ngoma. Na katikati ya kelele ile Teresina aliona midomo ya Duku bado inacheza. Alikuwa bado anasema. Alisema kitu, akarudia, akanyoosha mikono mbele kama anayeomba ashikwe. Watu wakaishika, wakamvuta kifuani mwao. Kisha midomo ikatulia, na uso wake ukalainika, akalia kama mtoto aliyepatikana baada ya kupotea sokoni. Alikwenda kwake akiwa ameshikwa mkono na ndugu wawili.

Teresina hakula siku ile. Alijiambia ni uchovu.

Ijumaa alasiri mpangaji wake, mwalimu Saturnino, alitoka shuleni akakaa kibarazani na kitabu chake. Saturnino alikuwa Mkatoliki, mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya zamani ya mauaji, kisicho na jalada wala jina, alichokipata Kampala kwa muuza vitabu vya barabarani. Kwa majuma mawili alikuwa akiwahadithia wanawake kwa Kiswahili huku wao wakichagua mawe katika mtama. Ilikuwa habari ya mzee mmoja wa kanisa katika kijiji cha Wazungu, mtu wa sala, mpitisha sahani ya sadaka, ambaye mke wake alikuwa akikonda siku hadi siku bila mtu kujua sababu. Saturnino alishawadokezea kwamba anayemkondesha ni mzee mwenyewe, na tangu hapo Teresina alikuwa hana raha na kitabu kile.

"Mtu ameokoka hawezi kufanya hiyo," alikuwa amesema wiki ile ya kwanza. "Huyo alikuwa wa kanisa tu."

"Alikuwa akisali mpaka machozi, mama."

"Machozi ni maji, mwalimu. Wokovu ni kitu ingine."

Siku ile Saturnino alifika pale daktari anapoitwa. Daktari, alisema, hakutazama ulimi wa mgonjwa wala macho. Aliushika mkono wake akauweka kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kucha. Katika kila ukucha palikuwa na mstari mweupe uliokatiza upande hadi upande. Sumu inaandika pale, alisema Saturnino, na ukucha unakua unaibeba.

"Sumu gani hiyo?" aliuliza Ketty, binti wa jirani, mwimbaji mzuri naye, aliyekuwa hajakosa kipindi hata kimoja.

"Kule kwao waliwawekea nzi. Ni unga mweupe tu."

"Na huku iko?"

"Huku?" Saturnino alifikiri kidogo, akiwa na kidole ndani ya kitabu. "Huku nafikiri wanapaka ngozi za ng'ombe, wadudu wasile."

Alisema hivyo bila kuwaza lolote, akaendelea. Ketty naye hakuwaza. Lakini ungo wa Teresina ulikuwa umesimama magotini. Alijaribu kulisukuma wazo lile. Likarudi. Alilisukuma tena kwa kumkemea shetani kimoyomoyo, kwa sababu ni nani mwingine angeweza kumletea fikra chafu kama hiyo juu ya ndugu katika Bwana?

Wengine walipoondoka alimsogelea mwalimu.

"Kwenu, mwalimu, padri akisikia mtu ameua, yeye nafanya nini?"

"Ananyamaza. Hawezi kusema hata akatwe kichwa."

"Basi ni kama sisi."

"Si kabisa." Saturnino alivua miwani. "Kabla ya kukuondolea dhambi atakuuliza, umeacha? Kama hujaacha hakuondolei kitu. Utarudi nyumbani nayo."

Teresina alirudi kwenye ungo wake. Kwao hawakuuliza. Aliwahi kuona kutouliza kuwa ndiyo neema yenyewe, na sasa hakuwa na hakika.

Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde, akachukua kibaba cha unga kama zawadi, akaenda kwa Duku, nyumba ya nne kutoka kwake. Alipata mlango wazi. Susan alikuwa amelala kitandani, amefunikwa shuka hadi kifuani, mwanamke wa Kimadi aliyekuwa mzuri wa umbo miezi mitatu iliyopita. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani, na nywele zilikuwa zimebaki mafungu mafungu. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Mama, Alhamisi nilisikia wimbo mpaka hapa," alisema. "Ketty akaniambia mliimba yeye. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Nililia kwa furaha. Siku nyingi alikuwa na kitu ndani, mama. Nilikuwa naona."

Teresina aliketi kando ya kitanda, akauchukua mkono wa Susan kana kwamba anampa pole. Ulikuwa mkono wa baridi, ngozi ya kiganja imekuwa ngumu kama ya mlimaji. Aliugeuza taratibu. Kucha tano, mistari mitano myeupe. Katika ukucha wa kidole gumba palikuwa na miwili.

Aliendelea kuushika, asijue auweke wapi. Alipoinua macho, Duku alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Hakujua amesimama pale tangu lini. Alikuwa akiutazama mkono.

"Karibu, mama," alisema Duku. "Taal, njoo hapa nje, tuache mgonjwa apumzike."

Alimfuata. Angefanya nini? Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha jiko, na juu ya mafiga sufuria ndogo ya uji ilikuwa ikitokota. Duku alimpa kigoda, akamwekea kikombe mkononi.

"Kunywa chai."

"Nimefunga leo," alisema Teresina. Ulikuwa uongo, na ulitoka haraka hata yeye akashangaa.

"Mungu akubariki." Duku alikichukua kikombe, akanywa mwenyewe, akaanza kukoroga uji. Hakuwa na haraka. Mgongo wake ulikuwa wa mtu mwenye amani, na hiyo ndiyo iliyomtisha Teresina kuliko panga lililochomekwa paani.

"Duku," alisema Teresina. "Alhamisi kulikuwa na neno ulikuwa bado kusema."

"Iko, mama. Nilitaka kusema, ni Susan. Nilitaka kusema, bado hajafa, nishikeni, nizuieni. Nilisema mara mbili. Mlikuwa mnaimba."

Aliyasema bila lawama, kama anayemweleza mgeni njia.

"Basi sasa umeacha," alisema Teresina. "Sema umeacha."

Duku aligeuka. Machoni palikuwa na mshangao wa kweli.

"Mama, mimi nilisema nimeua. Nyinyi mliimba, wewe ndiyo ulianza. Nikasikia roho imepoa, miezi mitatu haijapoa hivyo. Kalas, imekwisha. Ile kitu imesamehewa."

"Lakini yeye iko hai!"

"Iko hai leo. Mimi nimeshasema nimeua. Sasa unataka niwe mwongo mbele ya ushirika?"

Kisha akaketi chini, mwiko mkononi, akamweleza yote, na machozi yakimtiririka. Miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Wazee wa Rejaf walikuwa wamemwita mara tatu, mara ya mwisho wakamwambia aoe mwingine au asirudi kwenye kaburi la baba yake. Kumfukuza Susan kulikuwa dhambi, na ushirika ungemtenga. Kuoa mke wa pili kulikuwa dhambi, na ushirika ungemtenga. Lakini mwanamume aliyefiwa anaoa mchana kweupe, na mchungaji anamfungisha, na walokole wanampikia wali. Alitafuta mlango mwingine, alisema, hakuuona. Alimpenda Susan. Ndiyo maana alimpa kidogo kidogo, asiumie sana.

Mtu huyu hakuwa akitania wala hakuwa kichaa. Hilo Teresina aliliona waziwazi akiwa ameketi pale kwenye kigoda. Alikuwa amehesabu dhambi kwa kanuni zile zile walizomfundisha, akachagua ile moja ambayo ikishaungamwa inakwisha, wakati zile mbili nyingine angeishi ndani yake kila siku. Na kanuni zile alizipokea uani kwa nani?

Alisimama. Duku naye alisimama, akapakua uji kwenye bakuli la bluu, akauonja kwa ncha ya ulimi kuona kama una sukari ya kutosha.

"Salimia nyumbani, mama," alisema, akaingia ndani kwa mkewe.

Teresina alitoka kama mwizi. Barabarani alipita mbele ya askari wawili waliokuwa wakinunua karanga, akawaamkia, akapita. Kanuni ya ushirika ilisema ndugu hapelekwi serikalini kabla ya kuambiwa mbele ya ndugu. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri, na walokole waliipenda. Lakini tuseme ukweli: aliogopa. Aliogopa Duku, aliogopa kuitwa msaliti, aliogopa zaidi swali ambalo askari wangemuuliza, kwamba ulisikia lini na ulifanya nini. Kanuni ilimpa siku moja ya kujificha, akaikubali. Na siku moja ilikuwa mabakuli matatu.

Jumapili saa tisa ua ulijaa. Duku alikuja mapema, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaketi mbele. Teresina alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Angeanza na kosa lake mwenyewe, kwa unyenyekevu, kisha amtaje Susan, kisha amtaje Duku, kisha awaombe waende wote pamoja wakambebe mgonjwa. Alisimama.

"Ndugu zangu, mimi nimetenda dhambi. Nimemkosea Susan. Mimi nime..."

Ketty akaanza wimbo.

Hakufanya kwa ubaya, maskini. Mwanzishaji alikuwa ndiye anayeungama, mtu fulani ilibidi aanze, na Ketty alikuwa amengoja siku hiyo muda mrefu. Sauti yake ilipanda nzuri, na wote wakainuka.

"Ngojeni!" alipiga kelele Teresina. "Sijamaliza! Anamuua! Duku anamuua Susan!"

Waliona mdomo wake wazi na machozi yake, wakadhani Roho amemshukia, wakaimba kwa nguvu zaidi. Ngoma ikaingia. Mzee Celestino alimshika bega akimtikisa kwa furaha. Alipaza sauti mpaka koo likamchoma, na hakujisikia mwenyewe. Kisha mikono miwili ikamzunguka, shati jeupe likambana uso, na mdomo ukaja sikioni mwake.

"Sasa tuko wawili, mama," alisema Duku kwa upole.

Alijichomoa. Watu wakampisha, kwa maana aliyesamehewa mara nyingi hutoka nje kulia peke yake. Alikwenda hadi mlango wa Saturnino, akausukuma bila kubisha hodi. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, Susan iko na zile kucha. Za kitabu chako. Duku nafanya kazi na ile dawa ya ngozi."

Saturnino alimtazama kitambo kifupi. Alitoa baiskeli yake ukutani, akafunga blanketi juu ya keria, akatoka naye kwa mlango wa nyuma. Walikimbia nyuma ya nyumba, yeye na baiskeli, Teresina na khanga mkononi, na wimbo ukiwafuata. Alijua haungedumu zaidi ya dakika kumi. Kila ubeti aliusikia ukielekea mwisho, na kila mara uliporudiwa alishukuru.

Susan alikuwa macho. Bakuli la bluu lilikuwa sakafuni, tupu nusu.

"Leo mnaimba nani, mama?"

"Mimi," alisema Teresina, akapiga magoti. Hakukuwa na muda wa kupamba. "Mwanangu, nisikilize. Alhamisi Duku alisema ameua mtu. Mtu huyo ni wewe. Iko kwenye uji. Tunakwenda hospitali sasa hivi, kabla wimbo haujakwisha."

Alitegemea mayowe. Alitegemea kuitwa mchawi. Susan alitazama mabati ya paa.

"Najua kwamba uji iko na kitu," alisema Susan. "Tangu mwezi wa pili. Ni kama kulamba ufunguo."

"Na ukanywa?"

"Ningesema, angekana. Kisha ningeishi wapi? Nikasema, mtu huyu anasali. Siku moja ataiweka nuruni, na akishaiweka ataacha. Nikangoja aokoke vizuri." Alipumua kwa shida. "Alhamisi niliposikia mnaimba, nikasema kalas, nimepona. Jioni akaleta uji."

Teresina hakuthubutu kuuliza. Susan akamjibu hata hivyo.

"Ufunguo ule ule, mama."

Miguu yake ilikuwa haina nguvu tena. Walimbeba hadi kwenye baiskeli, hakuwa mzito kuliko gunia la mkaa, Saturnino akishika usukani na Teresina akimshikilia kwa nyuma. Walikuwa wamefika kwenye barabara kubwa pale wimbo ulipokoma. Teresina hakugeuka nyuma. Alihesabu miti, alihesabu nguzo, na kila hatua za mtu zilipowakaribia alihisi mgongo wake uko wazi. Ilikuwa mama mmoja na mbuzi wake. Ilikuwa mwanajeshi anayekwenda mjini. Walipofika mlango wa hospitali aliona kwamba alikuwa ameing'ata khanga yake mpaka ikatoboka.

Daktari alitazama kucha kabla ya Saturnino kumaliza maelezo, akaita watu.

Duku alikamatwa Jumatatu ghalani kwake. Hakukimbia. Inasemekana aliwaambia askari kwa adabu kwamba jambo lile lilikwisha tangu Alhamisi na mashahidi ni ishirini, akawatajia majina yote, la Teresina likiwa la kwanza. Mashahidi wale, walipoulizwa, kumi na saba walisema hawakusikia kitu isipokuwa wimbo. Na kwa bahati mbaya walikuwa wakisema kweli.

Susan aliponea chupuchupu, au hivyo ndivyo walivyodhani. Siku ya nne daktari alimwita Teresina kando, akamwambia sumu inatoka, na sasa kazi iliyobaki ni chakula. Akila ataishi. Asipokula, moyo wake hautahimili wiki. Katika wodi ile kila mgonjwa alipikiwa na watu wake, na watu wa Susan walikuwa Nimule, barua ilikuwa njiani. Hivyo mpishi alikuwa Teresina.

Usiku ule aliupika uji kichwani mwake mara kumi kabla ya kuupika jikoni asubuhi. Mtama mweupe, maziwa, sukari ambayo haikuwa rahisi kupatikana Juba mwaka ule. Aliufunga kwa kitambaa safi, akatembea nao kutoka Munuki bila kumruhusu mtu yeyote ambebee. Alimwinua Susan kwa mkono mmoja, akampelekea kijiko mdomoni.

Susan alifumba midomo.

"Kidogo tu, mwanangu."

Susan alitikisa kichwa. Teresina alielewa, na hakukasirika. Alikirudisha kijiko, akala yeye. Akala cha pili, kimejaa, akameza polepole ili aonekane. Susan alilifuata koo lake kwa macho mpaka uji ulipopita.

"Umeona? Ni mimi, Mama Teresina. Mimi ndiyo nilikutoa kule."

"Najua, mama. Asante."

"Basi kula."

Susan alimtazama. Hapakuwa na hasira machoni mwake, wala chuki. Palikuwa na hofu peke yake, iliyotulia, kama mtu aliyeizoea.

"Hata wewe, mama," alisema, "umeokoka."

Teresina alishusha kijiko. Muuguzi akapita na beseni, akamwambia ajaribu mara nyingine kabla uji haujapoa.